Uongozi Uharibikavyo katika Hadithi za Mafumbo

Hadithi ya mafumbo, msomaji, husema jambo moja na kukusudia jingine. Mtunzi hutaja wanyama, au ufalme usiokuwamo katika ramani, ili aseme juu ya watu na serikali. Tujiulize basi: katika hadithi hizo, kiongozi huharibika lini? Wengi hujibu upesi kwamba huharibika akishakalia kiti. Jibu hilo halitoshi, maana halitufundishi namna ya kujikinga.

Tutazame Shamba la Wanyama, kitabu cha George Orwell kilichotolewa Uingereza mwaka 1945, ambacho tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Kawegere, ilitoka Nairobi mwaka 1967. Orwell aliwalenga watawala wa Urusi baada ya mapinduzi ya 1917. Lakini msomaji wa Njoro, Molo au Naivasha anayo sababu yake mwenyewe ya kukisoma. Sehemu hii ya Bonde la Ufa ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru wa 1963, mengine yaligawiwa wakulima wadogo, na mengine yakapita mazima mikononi mwa wenye vyeo na fedha. Kwa hiyo swali la kitabu, yaani mwenye shamba akiondoka nani ataingia nyumbani mwake, si geni kwetu.

Wasomaji aghalabu hukumbuka mwisho, nguruwe watembeapo kwa miguu miwili. Nakuomba urudi nyuma, mara tu baada ya Bwana Jones kufukuzwa. Maziwa yamekamwa, jioni hayaonekani. Kisha matufaha nayo yanatengwa kwa ajili ya nguruwe peke yao. Squealer, msemaji wao, anaeleza kwamba nguruwe hula si kwa kupenda, bali kwa afya ya bongo zao zinazolinda shamba; au je, yuko atakaye Jones arudi? Wanyama wananyamaza. Hapo ndipo uharibifu ulipoanza, na wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tangu hapo amri za ukutani zinageuzwa moja moja kwa kuongezewa neno. Kitanda chakatazwa endapo kina shuka. Pombe yakatazwa endapo imezidi kiasi. Wanyama wengi hawajui kusoma vema. Benjamin, punda, ajua sana, lakini hapendi kusema. Siku aliyosoma kwa sauti, rafiki yake Boxer, farasi aliyemwamini Napoleon kwa kila jambo, alikwisha pakiwa katika gari la mchinjaji. Twaona basi kwamba Napoleon hakuharibika peke yake. Aliharibiwa pia na sifa za Boxer na kimya cha Benjamin. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ulinganishe na Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Karama ashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Mbele ya mfalme anajitetea kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine kutafuta mema, wakatiwa gerezani waliporudi. Mwishowe mfalme anasikia na kutenda haki. Kwa maoni yangu, Orwell aliujua ugonjwa zaidi, na Shaaban Robert aliijua dawa: msema kweli asikilizwe ufa ungali mdogo.

Usidhani kwamba haya ni ya vitabuni tu. Mnamo Aprili 2025 tamasha la kitaifa la maigizo la shule lilifanyika hapa Nakuru. Wasichana wa Butere walikuwa na igizo, Echoes of War, juu ya ufalme wa kubuni ambao vijana wake wanadai mageuzi. Ilihitajika amri ya Mahakama Kuu ndipo waruhusiwe kushiriki. Tarehe 10 waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakafyatua gesi ya machozi. Fumbo lisilomgusa mtu halihitaji ulinzi namna hiyo.

Basi usomapo hadithi za namna hii, usitafute Napoleon peke yake. Tafuta mahali yalipopotea maziwa, na uhesabu ni nani waliokuwapo wakanyamaza. Ukifika hapo, jiulize wewe ungesema nini.