Mashine ya Kukaushia Nguo: Hewa Kwanza, Fyuzi Baadaye

Mvua za Machi na Aprili zikikolea Bujumbura, kamba ya uani haikaushi kitu. Wenye mashine za kukaushia nguo, kuanzia nyumba za Kiriri na Kinindo hadi hoteli za kando ya Ziwa Tanganyika, huziwasha kutwa. Hapo malalamiko huanza, na mengi ni ya namna moja: ngoma inazunguka, joto lipo, lakini shuka zinatoka mbichi.

Fundi mwenye haraka hufungua mashine mgongoni kutafuta kipuri kilichokufa. Utaratibu wenye tija ni kinyume chake: hewa, kisha umeme, vipuri mwisho.

Nguo hukauka kwa sababu hewa ya moto inapita na kuondoka na mvuke. Chomoa chujio la nyuzi ulimwagie maji. Yakituama juu ya wavu, mabaki ya dawa ya kulainisha nguo yameziba matundu hata kama chujio linaonekana safi; lisugue kwa brashi na sabuni, likauke, ulirudishe. Kisha toka nje, mashine ikiwa inafanya kazi, uweke kiganja kwenye mdomo wa bomba la hewa. Pumzi ikiwa hafifu, bomba limejikunja au limejaa nyuzi. Mashine isiyo na bomba, ile inayokusanya maji kwenye tangi, ina kondensa, nayo kwa aina nyingi huoshwa.

Hewa ikiwa shwari, mwite fundi umeme apime volti za soketi mashine ikiwa na mzigo. Joto la koili hupungua kwa mraba wa volti. Koili ya wati 2,200 kwa volti 220 huvuta ampea 10. Volti zikishuka hadi 180 jioni, inabaki na wati 1,470 hivi. Theluthi ya joto imepotea na hakuna kilichoharibika: kausha saa ambazo umeme una nguvu. Stabilaiza ya friji haibebi mzigo huo, na ekstensheni nyembamba huzidisha hasara. Plagi yake ikipata moto, izime.

Ngoma ikikwama huku mota inanguruma, chomoa plagi uizungushe kwa mkono. Ikienda kilaini kupita kawaida, mkanda umekatika.

Ngoma ikizunguka bila joto lolote, mshukiwa wa kwanza ni fyuzi ya joto. Plagi ikiwa imechomolewa, ipime kwa testa: isiyopitisha umeme imekufa. Lakini mara nyingi hukatika kwa sababu joto lilikosa pa kutokea, hivyo ukiibadili bila kuzibua bomba, mpya nayo itaungua. Kuiruka kwa kipande cha waya ni hatari zaidi, maana unaondoa kinga kati ya koili na nyuzi kavu zinazoshika moto upesi.

Kwa hiyo fundi akisema fyuzi imeungua, kabla ya kuuliza bei, muulize imeunguzwa na nini.