"Udhibiti" na "Usimamizi" katika Sheria za Fedha za Kigeni

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kufasiri sheria za uchumi si jambo la hiari tena. Katika kazi hiyo lipo neno moja ambalo, kwa maoni yetu, limebebeshwa mzigo unaolizidi nguvu. Nalo ni "udhibiti".

Chini ya sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, mkazi wa Tanzania hakuruhusiwa kukaa na fedha za kigeni pasipo idhini. Alizozipata ilimpasa kuziuza katika benki iliyoidhinishwa. Alizozihitaji ilimpasa kuziombea kibali. Huo ndio udhibiti hasa: jambo limekatazwa mpaka mwenye mamlaka aliruhusu. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 iliugeuza msingi huo. Mtu akaruhusiwa kumiliki fedha za kigeni, na maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa. Benki Kuu ikabaki na kazi ya kutoa leseni, kukagua na kudai taarifa, ingawa baadhi ya mihamala ya mitaji iliendelea kuhitaji kibali. Kenya nayo iliifuta sheria yake ya udhibiti mwaka 1995.

Sasa mfasiri akiandika "udhibiti" kwa hali zote mbili, mageuzi yenyewe hayaonekani. Karani wa benki hatajua kama mteja atakiwa kuomba ruhusa au kutoa taarifa tu, na kwa kutojua huko fedha ya mtu yaweza kuzuiliwa bure. Twapendekeza "udhibiti" libaki kwa hali ya kwanza, na "usimamizi" litumike kwa ya pili. Wako watakaosema kwamba "usimamizi" ni neno pole mno. Upole huo ndio uliokusudiwa na sheria.

Kuhusu thamani ya shilingi, lugha imekwisha kutufanyia kazi. Mwaka 1986 serikali iliishusha. Tangu soko la fedha za kigeni baina ya mabenki lilipoanza mwaka 1994, hushuka au hupanda kwa nguvu za soko. Sauti moja tu yatenganisha tendo la serikali na tukio la soko, wala hatuoni sababu ya kuzichanganya.

"Mgeni" nalo lisitumiwe kwa mtu asiye mkazi. Sheria za namna hii kwa kawaida hutazama makazi, si uraia: Mtanzania aliyehamia Muscat ni raia wetu, lakini si mkazi.

Mwisho, Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni. Mwandishi wa tangazo la ofisi asiandike kwamba "dola zimepigwa marufuku". Kilichokatazwa ni kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa pale kanuni zenyewe ziliporuhusu, kumiliki hakukuguswa.