Wasomaji wa Herufi za Virusi

Ukipanda matatu ya barabara ya Malindi kutoka Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, ukapita Mtwapa na kuvuka daraja, unafika Kilifi. Pale karibu na hospitali ya kaunti, tangu 1989, kipo kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust.

Mikononi mwa watafiti wake, kamasi iliyotolewa puani kwa pamba hugeuka kitabu. Mmoja wao, Charles Agoti, alinolewa na RSV, virusi vinavyowabana watoto wachanga pumzi. Yeye na wenzake walisoma vinasaba vya virusi hivyo wakafuatilia jinsi virusi vinavyohama kutoka mtu hadi mtu ndani ya nyumba moja. Kazi ya subira, isiyo na kelele.

Korona ilipobisha hodi Kenya Machi 2020, subira ile ilivuta heri. Sampuli za Pwani, za Mombasa zikiwemo, zilisomwa hapo hapo Kilifi, takriban herufi 30,000 za vinasaba kwa kila kirusi. Tofauti za herufi chache tu zilifichua kwamba ugonjwa uliingia Pwani mara nyingi, si mara moja.

Agoti amefundisha pia Chuo Kikuu cha Pwani. Kijana wa Kisauni aipendaye baiolojia halazimiki kuvuka bahari kumtafuta mwalimu.