Mtoto wa Kubaki

Kupanda ni kazi yenye mashahidi wengi. Mtu akichimba shimo uani akaweka mche, kila apitaye humpongeza, na hata asipougusa tena hadi mwaka uishe, sifa ya kupanda ni yake. Kukata hakuna mpongezaji. Tena sisemi kukata kilichooza au kilichokauka, maana hicho hata mtoto mdogo anakiona. Nasema kukata chipukizi zima, la kijani, lililosimama wima, ambalo halijamkosea mtu. Kazi hiyo ya kupunguza machipukizi ya mgomba ndiyo ninayotaka kuisifu, na nitaisifia Kariakoo, mahali ambapo wengi hawatarajii kuikuta.

Anayeijua Kariakoo kwa Mtaa wa Kongo na wa Msimbazi tu, kwa vitenge, simu, mikokoteni na wapiga debe, atauliza migomba yenyewe iko wapi. Iko nyuma. Nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati na vyumba huku na huku, ilijengwa pamoja na uani wake: jiko, choo, bafu, kamba ya kuanikia nguo, na pale maji ya bafu yanapotokea, shina la migomba. Halikuwekwa pale kwa bahati. Mgomba una kiu isiyoisha, na nyumba yenye wapangaji kila chumba haikosi maji ya kuogea hata miezi ya jua kali. Maghorofa yamezimeza nyingi ya nyumba hizo, lakini katika zilizobaki, na katika zile za Ilala, Magomeni na Buguruni, kona hiyo ya unyevu bado ipo.

Zamani, kabla Wajerumani hawajaipima mitaa, eneo hili lilikuwa shamba la minazi. Mnazi na mgomba hufunza mambo mawili tofauti. Mnazi una kilele kimoja. Kikatwe, mti umekufa, wala hauachi kitu shinani. Mwenye mnazi hana la kuchagua. Mwenye mgomba anachagua maisha yake yote, kwa sababu ile nguzo tunayoiita shina si mti, ni majani yaliyokumbatiana. Mgomba hasa uko chini ya udongo. Ni tunguu lenye macho pembeni, na kila jicho laweza kutoa chipukizi. Juu ya ardhi, kila mgomba huzaa mara moja. Kiini kilichokuwa kikitoa majani hugeuka kuwa ua, ua hupanda katikati ya shina, hutokeza kileleni, huinama na kuwa mkungu, na baada ya hapo hakuna jani jipya litakalotoka. Mkungu ukishavunwa, mgomba ule umemaliza. Kinachoendelea ni tunguu na wale lililowazaa. Kwa hiyo anayeshika panga uani hapogoi matawi. Anaamua nani atarithi nafasi.

Kanuni yenyewe ni fupi, na utaisikia kwa bwana shamba kama utakavyoisikia kwa bibi asiyewahi kukutana na bwana shamba: kila shina libaki na watatu, mama, mtoto na mjukuu. Mama amebeba mkungu au yu karibu kuubeba. Mtoto amefika kifuani mwa mtu mzima. Mjukuu ndiyo kwanza anatokeza. Wengine wote waondoke. Hadi hapo ni hesabu tu, na hesabu si ufundi. Ufundi unaanza unapoulizwa: mtoto yupi?

Jicho lisilozoea huchagua vibaya, na huchagua vibaya kwa sababu ya uzuri. Machipukizi huja kwa sura mbili. Lipo lenye majani membamba, yaliyochongoka kama upanga, na kitako kipana kinachopungua kuelekea juu. Na lipo lenye majani mapana, laini, yaliyotandazika mapema, juu ya kishina chembamba. La pili ndilo linalopendeza. Mpangaji mgeni akimkuta bibi mwenye nyumba analing'oa, husema, “Bibi, si ungeliacha hilo, limestawi?” Na bibi humjibu, “Hilo lina sura tu, baba. Chini halina kitu.” Bibi yuko sahihi. Chipukizi la majani membamba limeshikamana sana na tunguu la mama na linalishwa naye, kwa hiyo halina haraka ya kutandaza majani ya kujitafutia. Lile la majani mapana limeshikamana kidogo, tunguu lake ni dogo, na majani yale makubwa ni dalili kwamba limeanza kujitegemea kabla ya wakati. Ukiliacha lirithi, utavuna mkungu mwepesi, tena kwa kuchelewa.

Kisha kuna upande. Migomba hutembea. Mtoto husimama kando ya mama, mjukuu kando ya mtoto, na baada ya miaka kadhaa shina lote limehama hatua nzima au zaidi kutoka lilipopandwa. Shambani hilo halisumbui mtu. Uani Kariakoo, ambako ukuta wa jirani uko huku na shimo la choo liko kule, kila mtoto anayebaki ni hatua inayopigwa kuelekea mahali fulani. Anayechagua kwa unene peke yake atajikuta siku moja mgomba umeegemea bati la jirani, na mkungu unaning'inia upande ambao mvunaji wake atakuwa mtu mwingine. Fundi hutazama kwanza jua linaingilia wapi kati ya kuta, mama ameinamia wapi, na njia ya kwenda bafuni inapita wapi. Ndipo huchagua mtoto aliye upande wenye nafasi, hata kama ndugu yake wa upande wa ukuta amemzidi kidogo. Na kama wawili wanalingana, humchukua aliyetoka chini zaidi, kwa kuwa aliyetoka juujuu mizizi yake itabaki hewani, na upepo wa kusi utamwangusha akiwa na mzigo.

Baada ya jicho, mkono. Hapa ndipo wengi huchoka, kwa sababu chipukizi lililokatwa usawa wa ardhi halifi. Asubuhi ya pili kidole cheupe kimeshatokeza katikati ya jeraha, na baada ya wiki chache lipo vilevile. Kiini kinachokua kimekaa chini, ndani ya tunguu, na panga halikukifikia. Dawa yake ni kukata, kisha kuingiza ncha ya mtaimbo katikati ya jeraha na kuizungusha hadi kiini kisagike. Inahitaji nguvu kidogo na kipimo kikubwa. Ukizungusha kwa pupa unamjeruhi mama, na jeraha la tunguu ni mlango wa fukusi, yule mdudu mweusi ambaye funza wake hutoboa njia ndani hadi mgomba unaanguka na mkungu wake. Kazi hiyo hurudiwa kila mwezi au miwili. Haina siku ya kusema imekwisha.

Lakini ninachokistahi zaidi katika ufundi huu ni jinsi unavyouchezea wakati. Toka mtoto achaguliwe hadi mkungu ukatwe ni mwaka au karibu yake, kutegemea aina na maji. Idadi ya vichane na vidole huwa imeshaamuliwa ndani ya shina kabla ua halijachungulia. Anayesubiri auone mkungu ndipo akumbuke kuwaondoa wale saba wanaonyang'anyana chakula chini amechelewa. Atazinenepesha ndizi kidogo, hataziongeza. Kila pigo la mtaimbo leo linahusu chakula ambacho hakuna macho yanayokiona.

Fikiria mtu wa Pwani anayetaka ndizi mzuzu za futari. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya ukutani. Shina lisilopangwa huzaa linapotaka: mikungu miwili wakati soko limejaa, na hakuna hata mmoja mwezi ambao kila jiko linatafuta ndizi za kuunga kwa nazi. Aliye fundi huhesabu kinyumenyume kutoka kwenye mwezi mwandamo, akajua mtoto wa mwakani anapaswa kuwa amefika wapi mwaka huu, na kama ni lazima amwache mdogo amkate mkubwa, anamkata. Mvua za vuli na masika zitamsaidia au zitamharibia hesabu. Hata hivyo ana hesabu ya kuharibiwa, na hilo peke yake linamtenga na jirani anayengoja bahati.

Elimu hii ilifika mjini na watu. Mchaga aliyelelewa kihambani na Mhaya aliyekulia kibanjani, katika migomba ya nyumbani kwao, Mnyakyusa wa Rungwe ambako malori hupakia ndizi za kuleta Dar es Salaam, wote walishuka na jicho lao, wakalikuta jicho la Mzaramo na la Mndengereko waliokuwa na migomba yao tayari. Penye soko la Mahakama ya Ndizi, kule Mabibo, utaona matokeo ya macho hayo yote yamelazwa chini. Mchuuzi mzoefu haulizi mkungu umetoka shamba la nani. Anaushika, anatazama vidole vya kichane cha mwisho, anajua kama shina lilipunguzwa au liliachwa kuwa kichaka.

Na tukirudi nyuma zaidi, sifa hizi zinakuwa deni. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Kila mgomba wa kisukari, wa mzuzu, wa mkono wa tembo ni chipukizi la chipukizi lililotengwa na mkono wa mtu, kurudi nyuma vizazi visivyohesabika hadi kusini-mashariki mwa Asia ilikoanzia. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipopita pwani hii akielekea Kilwa, alikaribishwa Mogadishu kwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na Mombasa akaziona tena. Ndizi zile zilikuwa zimeshavuka bahari, na hazikuvuka kwa kubebwa na upepo wala ndege. Kuna mtu alisimama mbele ya shina, akasema huyu anakwenda, huyu anabaki. Msururu huo haukukatika hata mara moja. Ungekatika, tusingekuwa na ndizi.

Miti mingine ya uani ina somo lake, ingawa ni dogo zaidi. Mchungwa wa kubebeshwa husimama juu ya mizizi ya mlimau, na chini ya kiungo mlimau haukubali kusahauliwa. Hutoa vichipukizi vyenye miiba, vyenye nguvu kuliko mchungwa wenyewe. Mwenye mti akifurahia nguvu hiyo, baada ya miaka michache anachuma malimau kwenye mti alioununua kwa ajili ya machungwa. Hapo hakuna haja ya mtaimbo. Dole gumba linatosha, kama linapita mapema, wakati kichipukizi bado ni laini. Mkomamanga nao hujaza vijiti shinani kila msimu. Nanasi, kama wakulima wa Kiwangwa wanavyojua, ukiliachia machipukizi yote baada ya mavuno ya kwanza, mavuno ya pili yatakuwa matunda madogo mengi yasiyo na mnunuzi.

Wapo wanaoona huruma. Wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe, na ukitaka kuuona ukweli wake nenda kwenye shina lililoachiwa watoto kumi na wawili. Utakuta kichaka kinachofuga mbu, majani yanayozuia nguo kukauka, na mkungu mmoja wenye vidole vyembamba ambao hata aliyeuvuna hajivunii. Huruma ya kumwacha kila mtu imewanyima wote.

Anayepunguza si lazima atupe. Chipukizi lenye tunguu zuri hung'olewa kwa uangalifu likapewa jirani, na mitaani mbegu ya mgomba, maana chipukizi ndilo huitwa mbegu, bado ni kitu kinachoombwa kwa salamu na kutolewa bila bei. Mtoaji mwenye adabu hulimenya tunguu kwanza, akatazama kama lina njia nyeusi za fukusi, kisha akalichovya nusu dakika kwenye maji yanayochemka ili asimpe mwenzake ugonjwa ndani ya zawadi. Panga lake hulipitisha motoni kabla ya kuhama shina. Hiyo si mbwembwe. Mnyauko wa bakteria uliogunduliwa kwenye migomba ya Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera ulisambazwa pia na mapanga ya watu waliokuwa wakiisafisha migomba kwa nia njema.

Kwa nini basi kazi hii haisifiwi? Kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Mkungu ukiwa mkubwa, wageni husifu udongo, au maji, au Mungu, na Mungu anastahili. Hakuna anayeuliza ni wangapi waliondolewa ili huyu abaki, na wenyewe hawapo wa kuhesabiwa. Anayetaka mgomba uani kwake asianze kwa kuhangaikia mbegu. Mbegu atapewa na jirani yeyote. Ajiulize kama yuko tayari kurudi kila mwezi au miwili na mtaimbo, kuwakata walio wazima, kisha kungoja mwaka mzima ajue kama alichagua sawa. Akisema ndiyo, mgomba mmoja unamtosha kuanza.