Kusahau si Kuficha

Nataka kulipima somo la Kitubio kama sisi walimu tunavyolifundisha huku Njombe, nami naanza kwa kujilaumu mwenyewe. Miaka mingi niliwaambia watoto wa Komunio ya kwanza waungame dhambi zote, nisiwaeleze neno hilo "zote" lina mpaka gani. Ndivyo nilivyofundishwa mimi: majibu kwa moyo, maana baadaye.

Matunda yake nimeyaona Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Mama mmoja mzee alinieleza kwamba kuna dhambi ya ujana wake aliyoisahau alipoungama, kisha akaikumbuka na kuitaja. Hata hivyo alihofu kwamba maondoleo yale ya kwanza yalikuwa bure, na Komunio zote zilizofuata ni kufuru. Akakaa miezi bila kupokea. Ni nani aliyemtwika mzigo huo? Si Kanisa.

Mtaguso wa Trento ulikwisha kuliamua neno hili mwaka 1551: dhambi isiyokumbukwa na mtu aliyejitafiti kwa bidii huhesabiwa kuwamo katika maungamo yake, nayo huondolewa pamoja na nyingine. Akiikumbuka baadaye, nayo ni ya mauti, ataitaja katika Kitubio kijacho. Hana haja ya kuyarudia yote. Anayekiharibu Kitubio ni yule afichaye dhambi ya mauti kwa kusudi. Lakini sisi twayataja mawili haya kwa pumzi moja, na mtoto hushika tishio tu.

Wengine humshuku padre: alinong'ona, hawakusikia vema. Basi, padre akiyatamka maneno ya maondoleo, yametosha, hata kama anayetubu ni kiziwi.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alitaabika hivyo kule Manresa mwaka 1522, ingawa alikuwa ameungama maisha yake yote kwa maandishi, siku tatu nzima. Muungamishi akamkataza kuyarudia ya zamani, ila yaliyo wazi kabisa. Haikumfaa, kwa kuwa yeye aliyaona yote kuwa wazi! Alipona alipoazimu kutoyarudia tena hata moja.

Mwaka huu nimeligeuza somo langu. Niliwauliza watoto: aliyesahau jembe la jirani shambani, na aliyelificha asilirudishe, je, ni sawa? Wakacheka wote.