Juu ya Uhalisia katika Kandanda ya Kompyuta

Neno uhalisia lilizoeleka kwanza katika uhakiki wa riwaya na tamthilia. Siku hizi limehamia pia katika kuipima michezo ya kandanda ya kompyuta, ambayo vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita huicheza katika vibanda vya gemu. Sifa itolewayo aghalabu ni moja: kwamba jasho la mchezaji laonekana, na uso wa nyota ni uleule wa televisheni. Sifa hiyo ni ya haki, walakini ni pungufu. Kabla ya kuuliza kama picha imefanana, hapana budi kuuliza ni nani aliyechagua cha kupigwa picha.

Swali hili lina historia. Mwaka 1988 kampuni ya Electronic Arts ya Marekani ilitoa mchezo wa kandanda ya Kimarekani, ile ichezwayo zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, kwa jina la kocha John Madden. Kompyuta za wakati huo zilikuwa dhaifu, na watengenezaji walifikiri kupunguza idadi ya wachezaji. Madden alikataa: timu ni watu 11, na pungufu ya hapo si mchezo aujuao. Hapo uhalisia ulikuwa wa umbo. Kanuni ilipewa heshima kuliko urahisi wa mashine. Mwaka 2004 kampuni hiyohiyo iliafikiana na ligi ya NFL iwe peke yake yenye haki ya kutumia majina ya timu na wachezaji katika michezo ya namna ile. Mshindani, hata akiwa hodari kuliko wote, asingeweza tena kuwataja wachezaji wa kweli, maana majina yalikwisha kununuliwa. Uhalisia wa umbo ukawa uhalisia wa milki.

Ndivyo ilivyo pia katika kandanda ya miguu ya kampuni hiyo, iliyoitwa FIFA mpaka toleo la FIFA 23, na ambayo tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC. Mbwana Samatta ni ushahidi. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika pamoja na TP Mazembe ya Lubumbashi, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora miongoni mwa wachezao ndani ya bara. Katika ulimwengu wa FIFA hakuwapo. Mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji, na kwa njia hiyo jina lake likaingia mchezoni. Miguu ilikuwa ileile; kilichobadilika ni leseni ya ligi. George Mpole wa Geita Gold hakuipata njia hiyo. Msimu wa 2021/22 alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Lakini kijana wa Geita aliyeshika pedi hakuweza kumchagua. Wala hakuweza kuichagua Stand United ya Shinyanga, wala Mwadui, timu ya penye mgodi wa almasi, ingawa zote mbili zilipata kucheza ligi hiyo. Aliweza kuchagua timu ya daraja la nne la Uingereza.

Uamuzi mwingine umo katika mipangilio ya mchezo. Humo mtu aweza kuizima sheria ya kuotea, na majeraha pia. Watengenezaji wenyewe, basi, wakiri kuwa ukweli mzima haupendezi. Hilo si kosa, kwani kila sanaa hupunguza. Kosa ni kukiita kilichobaki ulimwengu mzima.

Wasukuma walilijua jambo hili zamani. Katika bugobogobo, ngoma iliyotokana na kilimo cha pamoja, mchezaji huzungusha jembe na kulirusha juu. Hakuna alimaye hivyo. Hata hivyo hakuna mtazamaji aiitaye ngoma ile ya uongo, kwa kuwa jembe ni la shamba lake na mapigo ni ya kazi yake. Tena katika mashindano ya Bagika na Bagalu ushindi hupimwa kwa wingi wa watu waliovutwa. Aigaye, kwa hiyo, huhukumiwa na walioigwa. Mtengenezaji wa gemu huhukumiwa na soko, na soko hilo li mbali na Nyankumbu na Kambarage.

Pengo hilo hujazwa kwa lugha. Mtangazaji wa mashine hajui Kiswahili, vijana humtangazia. Wasema tobo, kutokana na kutoboa, mpira upitapo kati ya miguu ya mpinzani. Wasema kanzu, mpira upitapo juu ya kichwa chake kana kwamba avikwa vazi. Maneno haya hayakutafsiriwa popote. Yalizaliwa katika viwanja vya vumbi, nayo yaleta kibandani uhalisia ambao hakuna leseni iliyouuza.

Mhakiki wa michezo hii asihesabu matone ya jasho. Aulize mambo matatu: kanuni gani imeshikwa, nani amemo, na mchezo wasemwa kwa lugha ya nani. Kwa la kwanza Madden aliwaachia watengenezaji urithi mwema. Kwa mawili yaliyobaki, mchezo usifiwao kuwa kioo cha dunia bado ni dirisha la duka: huonyesha kilicholipiwa, na mfungaji bora wa Geita hukaa nje ya kioo.