Mshono, Mwanya na Mnepo: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Zege

Katika tafsiri za maelezo ya kazi za ujenzi zinazopita mikononi mwa wafasiri wetu, hapana neno linalotumikishwa kuliko "kiungo". Kuna kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi, kiungo wa timu ya mpira, na sasa kiungo cha zege. Katika zege neno hili limebebeshwa mambo mawili yanayopingana, na yakichanganywa linaloumia ni jengo, si sarufi.

Tulitazame jambo lenyewe. Slabu kubwa ya ghorofa (mafundi huiita hivyo, wala hatuoni sababu ya kulikataa neno lao) haimwagwi kwa siku moja. Kazi hukatwa mahali, na baada ya siku kadhaa huendelezwa pale pale. Mahali hapo panapaswa kutenda kana kwamba kazi haikukatika: uso wa zege la kwanza huparuzwa na kusafishwa, nondo hupita moja kwa moja, na penye nyaya za kuvutwa, nyaya nazo hupita. Kinyume chake ni nafasi iachwayo makusudi baina ya sehemu mbili za jengo, ili kila moja itanuke na kusinyaa pasipo kuisukuma mwenziwe. Hapo nondo za kuunganisha hazipiti. La kwanza huunga, la pili hutenga. Kuyaita yote mawili "kiungo", kisha kutumaini kwamba "cha ujenzi" na "cha kutanuka" vitaiokoa maana, ni kumpa msimamizi ruhusa ya kukata nondo asizopaswa kuzikata. Tena "cha ujenzi" hakielezi lolote, kwani ni kipi katika jengo kisichokuwa cha ujenzi?

Kwa la kwanza twapendekeza "mshono". Nguo iliyoshonwa ni nguo moja ijapokuwa mshono waonekana, na mshonaji stadi huchagua pa kuupitisha. Wahandisi nao aghalabu huuweka mshono wa slabu ya namna hii karibu na robo ya umbali kati ya nguzo na nguzo, ambapo nguvu za kupinda ni ndogo. Kwa la pili, "mwanya wa mtanuko" latosha.

Makosa makubwa zaidi yamo katika neno "kabla". Tumeona "zege lililokazwa kabla" likitumiwa kwa jinsi nzima ya zege hili, na ukurasa ufuatao likitumiwa kwa aina yake moja tu. Mfasiri hana budi kuuliza: kabla ya nini? Jinsi nzima huitwa hivyo kwa kuwa zege hutiwa mkazo kabla ya kubeba mzigo. Ndani yake mna aina mbili: nyaya huvutwa ama kabla ya zege kumwagwa, ama baada ya zege kushika, kwa jeki, zikiwa ndani ya mirija au ala zake. Kwa hiyo aina ya pili ni ya "kabla" na ya "baada" kwa wakati mmoja, na mwanafunzi asiyeelezwa hivyo ataona mwalimu wake anajipinga. Afadhali jinsi iitwe "zege la mkazo tangulizi", na aina zake "uvutaji kabla ya zege" na "uvutaji baada ya zege". Ni maneno marefu, lakini hayadanganyi.

Limebaki suala la kushuka kwa slabu. Wengine hutumia "mchepuko", neno linalofaa kwa sindano ya chombo cha kupimia, kwa kuwa sindano huiacha njia yake. Slabu haichepuki, hunepa, kama unepavyo ufito uliotundikwa mzigo. "Mnepo" basi, nao hupimwa: kanuni za Ulaya za zege hutaka kwa kawaida usizidi sehemu moja ya 250 ya umbali kati ya mihimili, yaani milimita 32 kwa mita 8. Nyaya zikivutwa huisukuma slabu juu, na pengine hubinuka; huo ni "mbinuko", usiitwe mnepo wa kinyume. Mirunda ikiondolewa upande mmoja wa mshono kabla ya nyaya kuvutwa, upande huo hunepa, na mshono hufunguka ufa.

Aidha, mnepo hauishi siku ya kwanza. Eugène Freyssinet wa Ufaransa, aliyesajili uvumbuzi wake wa mkazo tangulizi mwaka 1928, alikwisha kuona mwanzoni mwa miaka ya 1910 matao ya daraja lake la Le Veurdre yakishuka polepole mwezi hata mwezi, naye akayainua tena kwa jeki. Tabia hiyo ya zege kuzidi kujongea chini ya mzigo usioongezeka twaiita "mtambao". Wako wanaopendelea "mnyauko", lakini kunyauka ni kupoteza maji, nalo ni jambo jingine linalotokea katika zege hilo hilo, wakati ule ule, na lenye hesabu yake mbali.